Mtoto akianguka uwanjani au gari la timu likipata ajali: jibu kwa mwalimu wa michezo wa Geita

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo, sekondari ya kata mkoa wa Geita. Mwezi uliopita shule ya jirani mwanafunzi alianguka kwenye mechi ya kirafiki, akafariki kabla hawajafika kituo cha afya. Mkuu wangu kaniambia niandae mpango wa dharura kabla ya mashindano ya UMISSETA. Hatuna nesi, hatuna ambulensi, bajeti yenyewe ni mipira miwili na chokaa ya kuchorea uwanja. Naanzia wapi? Na ikitokea mtoto kafia mikononi mwangu, nafanya nini na wenzake, na wazazi, na mimi mwenyewe nasimama wapi?

JIBU: Pole sana Mwalimu, na pole kwa majirani zenu. Hilo swali la mwisho walimu wengi wanalo moyoni ila hawaulizi, kwa hiyo nitalifikia, usijali.

Kwanza huo mpango. Najua kinachofanyikaga, mtu anaingia mtandaoni anashusha dokumenti ya kurasa 40 ya shule ya Ulaya huko, anabadilisha jina la shule, muhuri, faili, mkaguzi akija anaonyeshwa, basi. Siku mtoto anaanguka hakuna hata mmoja anayejua hiyo faili iko kabati gani. Wewe andika ukurasa mmoja tu na huo ukurasa ujae majina ya watu. Usiandike "mwalimu wa zamu atapiga simu". Mwalimu wa zamu nani, na Jumamosi saa 10 jioni kwenye mechi ya kirafiki yupo? Andika fulani anakaa na mtoto, fulani anapiga simu, fulani anafungua geti na kusimama barabarani kuelekeza gari, fulani anawatoa wanafunzi wengine pale, na kila mmoja awe na wa akiba. Chini yake weka namba: ya dereva mwenye gari anayekaa karibu na shule (mmeshaongea naye na bei mmeshakubaliana, sio siku hiyo ndo mnaanza kupatana), ya mganga wa zamu kituo cha afya, polisi 112, zimamoto na uokoaji 114. Ongeza sentensi moja ya kuelekeza uwanja ulipo kwa mtu asiyepajua, maana ukichanganyikiwa unaweza ukasahau hata jina la kijiji. Bandika ofisini, piga picha, kila mwalimu anayesimamia michezo awe nayo kwenye simu.

Halafu fanyeni mazoezi. Mlaze mwanafunzi mmoja katikati ya uwanja siku ambayo hawajategemea, anza kuhesabu dakika. Mara ya kwanza itakuwa vichekesho tupu, wote watakimbilia kwa mtoto na simu haitapigwa na mtu, kila mtu akidhani mwenzake kapiga. Ndo sababu ya kufanya mazoezi.

Sasa hilo la kuanguka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo lililokutisha na ndo ambalo watu wanalikosea zaidi.

Kijana mzima, anakimbia, hakuna aliyemgusa, anaanguka. Mpaka uthibitishe vinginevyo hesabu moyo umesimama. Unakumbuka Kaitaba pale Bukoba Desemba 2016, ligi ya vijana U-20, kijana wa Mbao FC kafunga goli, dakika chache baadaye akaanguka, akafariki. Marc-Vivien Foé wa Cameroon naye hivyo hivyo, Lyon, 26 Juni 2003, dunia nzima inaangalia kwenye TV. Halafu angalia Christian Eriksen wa Denmark, Juni 2021, moyo ulisimama uwanjani Copenhagen na mwaka uliofuata yuko kombe la dunia anacheza. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, Machi 2012 London, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe na leo yupo hai. Hao wawili walibonyezwa kifua mapema na moyo ukashtuliwa kwa mashine ya umeme. Mashine wewe huna na sidhani kama utaipata mwaka huu, lakini mikono unayo, na mikono ndo inayopeleka damu kwenye ubongo wakati gari linatafutwa. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa wala kushtuliwa, nafasi ya kupona inashuka kwa asilimia 7 mpaka 10. Piga hesabu mwenyewe dakika 10 za kumwagia maji na kumpepea zinaondoka na nini.

Maana hicho ndicho kinachofanyika viwanjani kwetu. Mtoto kalala, watu 60 wamemzunguka, mmoja anamwagia maji usoni, mwingine anamnusisha soksi, mwingine anahangaika na kijiko mdomoni eti asimeze ulimi, na pembeni kuna mama anasema ni kifafa msimguse. Mwalimu, ulimi haumezwi. Acha mdomo. Mwite kwa nguvu, mpige bega, angalia kifua kama kinapanda na kushuka kawaida. Moyo ukisimama mtu anaweza kutikisika kidogo mwanzoni ndo maana wanasema kifafa, na anaweza kuwa anakoroma au anavuta hewa moja moja kwa kukatakata, watu wakaona "anapumua huyo". Hapumui. Haitikii na hapumui kawaida, anza: alale chali sehemu ngumu, kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, bonyeza chini sentimita 5 mpaka 6, acha kifua kirudi chote, bonyeza tena, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Kama umefundishwa kupulizia mdomoni basi kila mabonyezo 30 pulizia mara 2, kama hujafundishwa endelea kubonyeza tu. Utachoka ndani ya dakika mbili, hilo ni la kila mtu, kwa hiyo mpokezane bila kusimama. Unaweza kuvunja mbavu. Mbavu zinaunga.

Gari likija usiwaache wamkunje kwenye siti ya nyuma kama abiria. Pickup, au Noah viti vimelazwa, alale chali, mtu aendelee kubonyeza njiani hata kama ni shida, na mpigie mganga huku mko njiani wajiandae. Na wale watu 60, hao ni kazi ya yule mwalimu uliyemwandika kwa jina kwamba anatoa watu. Wachezaji wa Denmark walisimama duara wakageuza migongo, wakamfunika mwenzao asipigwe picha. Wafundishe vijana wako hivyo hivyo. Siku hizi simu inatoka mfukoni kabla ya huruma.

Nani akufundishe? Mganga wa kituo cha afya au Msalaba Mwekundu, omba nusu siku, walimu wote wa michezo, matroni, patroni na makapteni wa timu. Wanafunzi wa form three wanabonyeza vizuri tu, wana nguvu kuliko sisi.

Kingine kinachoua kimya kimya ni kichwa. Mtoto kagongana, kakaa chini sekunde chache, kasimama, anasema niko poa ticha, na kwa sababu ndo mshambuliaji wako na mmefungwa moja unamrudisha. Januari 2011 Ireland ya Kaskazini mtoto wa miaka 14 kwenye mechi ya raga ya shule aliumia kichwa, akaendelea kucheza, akagongwa tena, akafariki. Sheria iwe moja: akigongwa kichwa akayumba, akachanganyikiwa, akauliza swali lile lile mara mbili, akatapika, ametoka, harudi siku hiyo, hata iwe fainali, hata mkuu wa shule apige kelele toka jukwaani. Usiku asilale bwenini bila mtu kumwangalia. Akianza kutapika, kichwa kikizidi kuuma au akawa mgumu kuamka, hospitali usiku huo huo.

Radi sina haja ya kukuelezea sana wewe uliyeko Geita, mnakumbuka Oktoba 2018 wanafunzi waliouawa na radi hapo hapo mkoani kwenu. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Ila nikuambie kisa kimoja cha Arua, Uganda, Agosti 2020: watoto walikuwa wanacheza mpira, mvua ikaja, wakakimbilia kwenye kibanda cha nyasi, radi ikapiga palepale, wakafa 10. Yaani walikimbia kujificha. Mwembe sio kinga, kibanda cha nyasi sio kinga, turubai la wageni waalikwa ndo kabisa. Ingieni kwenye jengo lenye kuta na milango, mkae mbali na madirisha na nyaya, au ndani ya basi lililofungwa vioo. Ukisikia ngurumo tu refa apige kipenga, na hamrudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wageni rasmi watalalamika ratiba. Walalamike.

Joto kwenye mbio ndefu: mtoto mwili unachemka, anaongea ovyo, anatembea hovyo, mpoze kwanza hapo hapo, mtumbukize kwenye pipa au beseni kubwa la maji baridi au mmwagie ndoo baada ya ndoo mwili mzima, ndo umpeleke. Watu wanabeba mgonjwa akichemka saa nzima barabarani. Na zile nguzo za goli za chuma ambazo hazijachimbiwa, watoto wanabembea zinawaangukia, nenda kesho zichimbie, hilo halihitaji bajeti.

Fomu ya afya ya kila mchezaji iwepo kabla hajavaa jezi. Pumu, kifafa, sukari, moyo, amewahi kuzimia akikimbia, kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Na selimundu (sickle cell) uiulize waziwazi, Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka kwa hiyo usidhani shuleni kwako hayupo. Mtoto wa selimundu kukimbizwa jua kali bila maji ni kumtafutia kulazwa. Wengine wanaficha ili wasiachwe kwenye timu, ndo maana swali liende kwa mzazi pia.

Haya, safari. Hapa ndo misiba mikubwa ilipo, kwa sababu uwanjani anaanguka mmoja, barabarani mnaenda wote. 6 Mei 2017 pale Rhotia, Karatu, basi la wanafunzi lilipata ajali, haikuwa safari ya michezo, walikuwa wanaenda kufanya mtihani wa pamoja na wenzao, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Kuhusu gari lenyewe unajua, hamna Fuso, hamna kujazana, hamna kuondoka saa 9 usiku ili kuwahi ufunguzi, dereva aliyekesha abaki. Mambo hayo kila mtu anayasema. Ambalo halisemwi ni orodha.

Orodha ya waliomo kwenye gari, iliyoandikwa wakiwa wameshakaa, kisha ikabaki shuleni nakala moja. Ile ya jana yake ofisini haikusaidii maana asubuhi fulani kaumwa kaingia mwingine, na kuna mtoto wa mwalimu kapewa lifti. Meli ya MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina kabisa, na kuna familia mpaka leo hazijui kwa uhakika. Na hata kama majina unayo, watu wanachanganywa. Canada, 6 Aprili 2018, basi la timu ya vijana ya hoki ya Humboldt liligongana na lori, wakafa 16. Wale vijana walikuwa wamepaka nywele rangi moja ya dhahabu kwa ajili ya mtoano, wana miili inayofanana. Familia moja ikaambiwa mtoto wao yuko hai hospitalini, nyingine ikaambiwa wao amefariki, na baada ya siku kama tatu ikagundulika ni kinyume chake. Hebu fikiria uko upande wowote wa hiyo simu. Sasa watoto wako wote wana traki suti ya aina moja na kipara kimoja. Kwa hiyo kila mmoja aandike jina kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kola na awe na kikaratasi mfukoni chenye jina lake na namba ya mzazi. Orodha iwe na namba mbili za mzazi na kituo cha afya alichoandikishwa bima kama anayo. Dakika 15 kazi imeisha.

Mkifika mnakolala, maana UMISSETA watoto wanalazwa kwenye madarasa na mabweni ya shule za watu, jambo la kwanza kabla ya magodoro kushuka ni kuangalia milango. Shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001, bweni lilishika moto, wavulana 67 wakafa na mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo. Sisi tuna moto wa mabweni ya Shauritanga 1994 na Idodi 2009. Usikubali mlango kufungwa na kufuli kwa nje eti wasitoroke usiku. Weka mwalimu wa zamu alale mlangoni.

Sasa lile swali lako. Mtoto amefariki.

Neno hilo linasemwa na daktari, sio wewe, sio dereva, sio kapteni. Mpaka daktari aseme, taarifa yenu ni "ameumia, tuko naye hospitali fulani". Mzazi aambiwe ana kwa ana. Mkuu wa shule aende mwenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji au shehe au mchungaji wa familia, watu wazima wawili watatu, wamkalishe, waseme jina la mtoto na waseme amefariki. Sio "hali yake sio nzuri sana" halafu mama anafunga safari na uji kwenye chupa. Kama familia iko mbali sana, tafuteni mwalimu au kiongozi wa huko aliye karibu aende yeye. Mnashindana na WhatsApp hapo, kwa hiyo simu za wanafunzi na za walimu zikae kimya, grupu la wazazi lifungwe ili aandike admini tu, na awepo msemaji mmoja. Waandishi wakipiga wote wanaelekezwa kwake. Jina halitajwi mpaka familia ijue.

Kuna kitu cha kwetu ambacho zile dokumenti za kurasa 40 hazina: maneno ya kurogwa. Kijana kaanguka bila kuguswa, au radi imepiga timu moja ikaacha nyingine, kabla jua halijazama tayari kuna jina la mtu linatajwa, mara shule pinzani walizika kitu golini. Mnaweza mkapata fujo na msiba wa pili. Mganga wa kituo aje parade asubuhi yake aeleze kwa Kiswahili cha kawaida moyo unasimamaje, kwa ruhusa ya familia, bila kusubiri wiki. Mzee wa mtaa anayeheshimika asimame naye.

Na mazishi yanakuja haraka. Familia ya Kiislamu inaweza kuzika siku hiyo hiyo, kwa hiyo uamuzi wa nani anaenda, kwa gari gani, nani anasimamia, unafanyika ndani ya saa chache. Wanatimu wapelekwe wanaotaka, asilazimishwe mtu. Usije ukawapakia watoto 50 wenye huzuni kwenye gari bovu kukimbilia mazishi.

Halafu kuna yule mtoto ambaye hakuna anayemuuliza: aliyemkaba marehemu, aliyepiga mpira uliomfika kifuani, golikipa aliyegongana naye. Mara nyingi ni wa shule nyingine, kapanda gari lao kaondoka, na kwao anaitwa muuaji kwa utani. Mpigie mwalimu wake usiku huo huo. Mwambieni huyo kijana waziwazi, mbele ya wenzake, kwamba mchezo ulikuwa halali na yeye hakuua. Rudia wiki inayofuata, na mwezi unaofuata. Mshauri nasaha wa shule na mganga wajue jina lake.

Kwa wengine waliobaki, wengi wanadhani lazima uwakalishe wote kikao kimoja kila mtu asimulie alichoona mpaka alie. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, kuna wanaozidi kuumia. Wanachoelekeza ni kuangalia nani yuko vibaya, kumsikiliza anayetaka kuongea bila kumchokonoa, na kumuunganisha na msaada. Wapeni chai, ratiba ya kawaida irudi taratibu, mazoezi yarudi wakiwa tayari, na jezi yake waamue wao na familia. Baada ya wiki kadhaa angalia nani halali, nani kaacha kula, nani anasema bora ningekufa mimi. Huyo ni wa hospitali. Namba ya simu ya watoto ya bure ni 116, iandike kwenye ule ukurasa wako.

Na wewe. Kifo cha ghafla polisi lazima wajue, kama ni majeruhi fomu ya polisi ya PF3 itahitajika, kwa hiyo mtu mmoja anaenda polisi wakati mwingine yuko na mgonjwa, msisubiriane. Watakaokuja kuuliza wataangalia kama kulikuwa na uzembe, yaani kama ulifanya kile ambacho mwalimu makini angefanya. Ndo maana ile fomu ya afya, ruhusa ya mzazi iliyosainiwa, orodha ya gari, tarehe ya mazoezi yenu ya dharura na majina ya waliohudhuria, vyote vinakulinda. Usiku huo huo kabla hujalala andika kwa mkono wako: saa ngapi alianguka, nani alifanya nini, gari lilifika saa ngapi, mlifika kituo saa ngapi, nani alimpokea. Ulichokiona tu, usiandike unachodhani. Sahihi, tarehe, nakala kwa mkuu, nakala ubaki nayo. Usiandike maelezo ya kutungiwa na mtu mwingine ili shule ionekane vizuri, hata aliyekuomba awe bosi wako. Na utafute mtu wa kukaa naye siku hizo, sio wa kukuhoji, wa kukaa naye tu, maana walimu huwa wanarudi darasani Jumatatu wakajifanya wako sawa na kufika mwisho wa muhula wameomba uhamisho.

Ukishaandika ukurasa wako nitumie niupitie, majina na namba za watu ficha. Na ukipiga namba ya kituo cha afya ili kuhakiki, piga Jumapili jioni, uone kama kuna anayepokea.